Siku ya Tatu Njiani na Shemeji

Fundi viatu waliyembatiza jina la Gundi alikuwa na kibanda kando ya njia ya mahujaji. Kwa miaka ishirini na saba aliwashonea watu viatu vya kwendea mlimani, na yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka hata daraja la kwanza. Walimtania kwamba amefikisha maelfu huko juu akiwa amekaa kitako, naye alicheka nao. Ukimpa kiatu alikigeuza juu chini, akakuambia unaegemea mguu gani na umetembea kwenye mawe au kwenye lami.

Mkewe alipougua na kujua haponi, alimwomba jambo moja tu: aitembee ile njia, siku zote sita, pamoja na mdogo wake wa kike. Gundi hakuwa na moyo wa kumkatalia mgonjwa. Miezi mitatu baada ya mazishi alifunga kibanda, akashika njia na shemeji yake, mama wa makamo, mpishi wa shule, mwenye hatua fupi zisizochoka.

Siku mbili za kwanza walizungumza mambo ya juu juu. Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, Gundi alianza kuchechemea. Alikuwa na lengelenge kisiginoni na aliona haya kusema, fundi mzima kuumizwa na kiatu chake. Shemeji alimkalisha juu ya jiwe, akalitoboa lengelenge kwa sindano, akafunga kitambaa. Gundi akamuuliza alijifunzia wapi. Akajibu kwamba amepita njia hii mara tisa. Akaifunga ile sindano ndani ya leso.

"Na dada, mara zote tisa."

Gundi akamwambia amechanganya mambo. Kila mwaka, mvua zikiisha, mkewe alikuwa akienda wiki mbili kumuuguza mama yao.

"Mama hakuwa mgonjwa, shemeji. Tulikuwa tunakuja kumwona mwanao."

Walikuwa na binti mmoja. Miaka kumi na moja nyuma alimkimbia mume ambaye Gundi ndiye aliyemchagua, akafika nyumbani na sanduku, jino limevunjika. Gundi alimfukuza arudi kwa mumewe siku ileile, sanduku halijafunguliwa. Binti hakurudi kwa mume, wala kwao hakurudi tena. Wakiuliza watu, Gundi alisema yuko ng'ambo na mumewe, mambo yao safi.

Aliendelea kutembea bila kuona anakokanyaga. Viatu vya mkewe alivitia soli mpya kila mwaka, yeye kwa mkono wake, soli zilizolika kwa mawe ya njia hii. Viatu vya wapita njia alivisoma kama gazeti. Vya mkewe alivigongea misumari tu, akaviweka chini ya kitanda.

Akauliza kwa nini hawakumwambia.

"Ungefanya nini?" Shemeji aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kweli kujua.

Adhuhuri wakafika kwenye nyumba ya bati pembeni mwa njia panda. Uani kamba zilijaa shuka, maana binti wa Gundi alikuwa dobi wa mabweni ya mahujaji. Alipomwona mama yake mdogo alitabasamu. Kisha akaona aliye nyuma yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akaleta benchi na vikombe viwili vya maji, kama ambavyo angemletea hujaji yeyote. Gundi alikunywa, akasema hakujua kama mambo kwa yule mume yalikuwa mabaya kiasi kile.

"Ulijua," binti akasema. "Nilisimama mbele yako mdomo unavuja damu, ukaniuliza nyumba nimemwachia nani."

Alizungumza huku akikunja shuka. Akaeleza kwamba mama yake alikuwa akimwambia kila safari, mwakani baba yako atakuja, naye alimsubiri mpaka mwaka wa tano. Baada ya hapo alimwacha mama aendelee kusema, kwa kuwa kusema kulimpa nguvu za kurudi nyumbani.

"Siku mliyomzika nilikuwa hapa nafua. Ningekuja vipi, na mimi kwenu niko ng'ambo na mume wangu?"

Gundi akasema mlimani hafiki tena, angebaki amsaidie hata kuanika. Binti alimtazama kwa mara ya kwanza tangu salamu, akamwambia kazi yake anaiweza, na jua likizidi watapata taabu kwenye mwinuko. Akamkumbatia mama yake mdogo muda mrefu. Kwa baba yake alinyoosha mkono tu.

Njiani Gundi alitaka kugeuza. Shemeji akamwambia yeye anaendelea, kila mtu na miguu yake. Gundi akamfuata. Siku ya sita walifika juu. Watu walikuwa wakilia kwa furaha, shemeji akaingia kusali, na Gundi akabaki ukutani na mizigo.

Kurudi walipanda basi. Lilipofika ile njia panda ya nyumba ya bati, shemeji akachukua mfuko wake, akamuaga, akateremka. Hakumwambia wateremke wote, wala Gundi hakuuliza. Kondakta alimwomba asogee dirishani kumpisha abiria mwingine, akasogea.