Barua Inayosema "Namjua"

Naikumbuka vizuri siku niliyosema "simjui", mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka naona haya.

Nilikuwa katibu wa baraza la mtaa huu huu wetu wa Mbuya. Wakati huo baraza halikuitwa LC kama hili lako la leo, liliitwa RC, na lilikuwa jambo jipya. Zamani wakubwa walitoka juu, wewe ukaletewa tu. Sasa watu walipanga mstari mchana kweupe nyuma ya wamtakaye, jirani akimwona jirani. Mimi, binti wa askari, nikapewa kazi ya kuandika barua. Muhuri niliubeba kwenye mkoba hata nikienda sokoni! Usicheke. Kichwa kilinivimba.

Asubuhi moja akaja Mama Furaha, Mkongo aliyekuwa akikaanga mandazi njia panda. Macho yalikuwa mekundu.

"Dada, bwana yangu balimukamata jana. Hana kitambulisho. Polisi banataka barua ya baraza."

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Bila barua, hakuna aliyejua angepelekwa wapi, na watoto walikuwa watatu. Nami nikamwonyesha karatasi, kwa sauti ya ofisi: barua zetu huanza na maneno "namjua mwenye barua hii", na mimi simjui. Akaondoka. Hakunibishia hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwenyekiti wetu, Mzee Okot, sajini mstaafu kutoka kaskazini, alikuwa amekaa mlangoni akinoa panga la kufyekea mtaro. Alikuwa amesikia yote.

"Katibu, asubuhi ulikula nini?"

"Mandazi, Mzee."

"Ya nani?"

"Ya Mama Furaha."

"Miaka mbili unakula mandazi yake. Mandazi unajua, yeye hujui? Hiyo si kosa yake, iko kosa yako. Enda kwake, kaa, ujue. Halafu rudi uandike."

Nilimkimbilia Mama Furaha. Nikakaa kwenye kigoda chake, nikajua majina ya watoto, nikajua mumewe ndiye aliyeshona sare za nusu ya watoto wa mtaa, pamoja na za wadogo zangu. Nikaandika barua pale pale, juu ya goti. Mzee akatia saini, tukaenda kituoni sote watatu, yeye mbele na kofia yake ya zamani. Jioni fundi alikuwa nyumbani. Mama Furaha alinifungia mandazi, na nilishindwa kuyala kwa aibu.

Mwanangu, Jumapili kwenye uchaguzi mstari wako ulifika geti la shule, nami nilisimama humo na goti langu bovu, nikikuchagua. Lakini nasikia jana umemrudisha bila barua kijana wa bodaboda anayepanga kule bondeni, ukamwambia humjui. Wakubwa wa jiji watajenga barabara na kuzoa taka. Kumjua mtu hawawezi, wako mbali. Kazi hiyo imeachwa kwetu huku chini. Kwa hiyo neno "simjui" mdomoni mwa mwenyekiti ni kukiri kwamba hajafanya kazi yake. Kesho, kabla hujafungua ofisi, shuka bondeni ukabishe hodi kwake.

Mungu akupe miguu ya kuuzunguka mtaa wako wote, akupe masikio ya kushika majina, na kila unapogonga muhuri, uwe umesema kweli.