Kofia ya Enos Allred

Zimri Allred alikuwa mrefu kiasi kwamba mvua ikianza kunyesha hapa Carolina, yeye ndiye aliyeloa kwanza, akatuonya sisi wa chini tuanue nguo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mabanda ya kuku. Lakini kila kiangazi, jua likielekea kuzama, alivaa kofia nyeusi ya ukingo mpana akapanda jukwaa letu la msituni, lile lisilo na paa, ambako watazamaji hukaa kwenye mabenchi na mbu wetu, jinsi walivyo wakubwa, hudai viti vya mbele.

Mchezo unahusu wazee wetu Marafiki, Wakristo wa ibada ya kimya ambao wengine huwaita Wakweka. Mwanamke aitwaye Hester ametoroka utumwani, amefichwa ghalani chini ya mahindi. Wawindaji wanafika na mbwa, wanamwuliza Rafiki mmoja, "Yuko wapi?" Naye, kwa kuwa Marafiki hawasemi uongo, hasemi kitu. Anainua kidole tu, anaonyesha ghala. Hester anaburutwa, na watu wanazomea.

Mwenye kidole anaitwa Enos Allred, babu wa babu yake Zimri. Hakuna aliyetaka kumwigiza, ndipo Zimri akasema, "Ni wa kwetu. Nitambeba mimi." Akambeba viangazi arobaini na viwili. Alizomewa jukwaani, na siku nyingine hata dukani alipokwenda kununua misumari. Binti yake Lovina, alipochoka kuitwa Kidole shuleni, alihamia Ohio, na huku haji ila kwa mazishi.

Sasa niseme langu. Mwandishi wa mchezo huo alipozunguka kuokota habari za kale, alianzia barazani kwangu, maana nilisifika kwa masimulizi. Nilikuwa nimeshampa ya nguruwe wetu aliyehudhuria ibada na kukaa kimya kuliko wazee wote. Kisha akauliza ni nani aliyemwonyesha Hester. Nami nilijua. Bibi yangu alininong'oneza nikiwa mdogo: kidole kilikuwa cha babu yake mwenyewe, Jabez. Ghala ndilo lililokuwa la Enos. Enos ndiye aliyemficha.

Mdomo wangu ukasema, "Enos Allred."

Akaandika. Sisi hatuapi hata mahakamani, neno la Rafiki linatosha, basi hakumwuliza mtu mwingine. Jabez alishindwa kusema uongo mmoja wa kuokoa roho ya mtu. Mimi niliusema bila hata kukohoa, ili kuokoa jina lake.

Tangu hapo kila kiangazi nilimpelekea Zimri pai ya mapichi.

"Bibi wewe, unanitakia nini na mapai haya?" aliniuliza. "Mimi mjane, nitasemwa."

"Nakunenepesha nikakuuze mnadani."

Akacheka. Mimi nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa.

Mwaka huu Marafiki wakaamua kusimamisha jiwe langoni pa jukwaa, lenye majina ya nyumba zilizoficha watoro. Siku ya ibada, katikati ya kimya, Zimri akasimama. "Letu msiliweke," akasema. "Sisi hatukumficha mtu." Akaketi. Tulikuwa watu hamsini tumenyamaza, na mimi mwenye mdomo nimenyamaza kuwapita wote.

Zamani kwetu mkosaji aliandika karatasi ya kujihukumu, ikasomwa mbele ya mkutano. Desturi hiyo ilikufa kabla sijazaliwa. Nikaifufua. Darasa la tatu ndilo langu la mwisho, kwa hiyo herufi zililala huku na huku kama walevi, lakini juma lililofuata nilisimama nikasoma: "Mimi Keturah nilisema uongo juu ya Enos Allred. Kidole kilikuwa cha kwetu."

Nikaikunja karatasi, nikatoka. Nje nilimkuta Zimri ameegemea gari lake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na yale mapai?"

"Ndiyo hayo."

"Kumbe nimekula dhambi zako miaka yote, na sukari ulikuwa unaibana." Hakucheka. "Lovina yuko Ohio, Keturah."

Nikatazama viatu vyangu. Akafungua mlango wa gari, akatoa ile kofia nyeusi, akanivika. Ikanishuka mpaka puani.

"Alhamisi jukwaani utapanda wewe. Huna haja ya kusema neno. Kidole unacho."

Alhamisi nikapanda. Wawindaji wakauliza, "Jabez, yuko wapi?" Mkono ukawa mzito kama gogo la mwaloni. Nikauinua.

Mzomeo wa kwanza ulitoka benchi la nyuma, kabla ya wengine wote, kutoka juu sana. Nikaisukuma kofia nione. Zimri alikuwa ameketi na watazamaji, mara ya kwanza maishani mwake, na kando yake ameweka koti kama anayemshikia nafasi mtu aliye mbali. Alizomea mpaka pumzi ikamwishia, akavuta nyingine, akaendelea.

Nikakiacha kidole palepale mpaka alipomaliza.