Tegu wa Pango la Werugha

Niliondoka Voi kwa sababu ya donge la kinyesi kikavu. Mwalimu Mwakio, mstaafu wa Werugha, alikuwa amelikuta chini ya majivu katika pango la shamba lao. Akanipigia simu kwa kuwa anaijua kazi yangu: natafuta mayai ya minyoo kwenye masalio ya kale ili kujua watu walikula nini.

Saa moja asubuhi nilifunga darubini kwenye kiti cha nyuma cha gari. Baada ya kupita Mwatate barabara ikaanza kupanda. Wundanyi nikavaa sweta. Werugha nikakuta ukungu umefunika matuta ya kabeji.

Dada yake Mwalimu, Mama Wakesho, alinipokea akitoka kukamua ng'ombe.

"Umetoka Voi kuja kuchokora mavi ya babu zetu?"

"Ndiyo, mama."

"Uende ukawatangaze kwamba walikuwa wachafu?"

"Hapana. Nijue walikula nini."

"Hilo tunalijua. Walijificha humo wakati wa vita, mifugo yote imeporwa. Walikula mizizi."

Mwishowe alikubali kwa masharti mawili: majibu ayasikie yeye kwanza, na mabaki yarudi pangoni.

Siku tatu kipande cha donge kililowekwa kwenye dawa kilainike, nami nikalala kwao. Siku ya nne, asubuhi, nikaona maganda ya mtama, kisha yai la duara lenye ganda nene. Nililitambua papo hapo. Ni la tegu, mnyoo anayempata mtu aliyekula nyama isiyoiva.

Nikamwita Mama Wakesho atazame. "Walikula nyama," nikasema, "na kwa kuwa hapa hapakuwa na nguruwe, bila shaka ni ya ng'ombe. Haikuiva. Pengine hawakujua madhara yake."

Akaondoa jicho kwenye darubini. "Hawakujua? Mwanangu, moto una moshi. Umejificha, adui yuko bondeni, utakaa ukipika mpaka nyama iive?"

Nikachukua daftari, nikaandika: moshi. Yeye akainama tena, akatazama kwa muda mrefu.

"Kumbe kuna aliyebaki na ng'ombe," akasema polepole. "Akamchinja."

Mchana huo aliyarudisha mabaki kwa mikono yake, akayafukia kwenye majivu.

Nilipofika Voi niliandika ripoti. Yai na nyama niliviandika kwa jina langu. Moshi niliuandika kwa jina la Mama Wakesho, kwani ningetazama kwenye darubini ile mwaka mzima nisiuone.