Karatasi za Ndiyo

Mdogo wangu alipofika mwaka wa mwisho katika chuo cha ufundi Mbeya, alitakiwa kubuni mashine na kuitengeneza. Akachagua ya kupukuchua mahindi, inayoendeshwa kwa pedali kama baiskeli. Mimi ndiye niliyemlea. Wazazi walipofariki nilikuwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikaanza kupikia madereva wa malori Tunduma, na kwa kupika huko yeye akasoma. Asipofaulu mradi ule angerudia mwaka, na mimi nguvu za mwaka mwingine sikuwa nazo. Tulijua wote wawili.

Mwalimu wake alitaka dodoso kutoka kwa wakulima. Msimu wa mavuno tukaenda Ndalambo, yeye na karatasi zake na mchoro wa mashine, mimi wa kutafsiri Kinamwanga pale Kiswahili kilipokwama. Kila mji wa mtu tulikuta wanawake wamezunguka rundo la mahindi wakipukuchua kwa vidole. Aliwaonyesha mchoro, akauliza: mashine hii mngeipenda? Ndiyo. Mngeitumia? Ndiyo. Akaweka alama ya vema.

"Umeona, dada? Hata mmoja hajakataa."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja!"

Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi. Wateja wangu wote husema chakula kitamu. Mimi huangalia sahani. Na kwetu mgeni aliyekuja na jua mpaka uani kwako huwezi kumjibu hapana.

Kwenye mji wa mwisho nilimwacha akizungumza na mzee mwenye nyumba, nikakaa na wanawake, nikachukua hindi nikapukuchua nao. Mkamwana wa pale, mtoto mgongoni, akanisogelea.

"Dada, huyo mdogo wako anataka nipande baiskeli hapa uani?"

"Si umemjibu ndiyo?"

"Ningemjibuje? Kaja na karatasi zake, kijana wa watu, kachoka." Akamwonyesha mzee kwa midomo. "Baba mkwe yule pale. Nitanue miguu, kitenge kipande magotini, nikanyage mbele yake? Gunia halijajaa nimesharudishwa kwetu."

"Labda apande mama mkwe," mwingine akasema, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi.

Njiani nilimweleza mdogo wangu. Akasema, "Kwani dada, utafiti umesomea wapi?"

Nilitembea mbele. Baada ya muda alinifikia, akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe. Fremu nimeshaichomelea."

Kumbe alikuwa ameunda kwanza, ndipo akaja kuuliza. Zile karatasi zilikuwa za kupamba ripoti. Na zingetosha, mwalimu angeona vema zimejaa, angeridhika. Nakiri nilitamani kunyamaza. Muda uliobaki ulikuwa mfupi, na akivunja fremu asimalize, mwaka ndio umekwenda. Lakini nilikuwa nimekaa na wale wanawake, na vidole vyao nilikuwa nimeviona.

"Kesho rudi," nikamwambia. "Usiwaulize kama wanapenda. Waombe wakuonyeshe wanavyokaa."

Alirudi. Safari hii mchoro ulibaki mfukoni. Aliwaomba wakae kama wanavyokaa siku zote, yeye akakaa pembeni na futi yake. Wengine walinyoosha miguu mbele, imebanana. Wengine walikaa kwenye kigoda, magoti upande mmoja. Alipima mkono unafika wapi bila mtu kuinuka. Mkamwana yule akamwambia, "Andika na mtoto mgongoni, usimsahau." Akaandika.

Chuoni aliikata fremu. Pedali zikaondoka, ukawekwa mpini wa kuzungusha kwa mkono, na mashine ikawa fupi, ya kukaa chini mbele ya kigoda. Ilikuwa na kasi ndogo kuliko ile ya kwanza, na hilo lilimnyima usingizi. Kila alipopiga simu alisema wenzake wana mashine za mota.

Siku ya mtihani nilikuwa nimeshika mwiko, dereva mmoja amegonga meza mara mbili, simu ikalia.

"Wamenikata alama za kasi, dada."

"Umefaulu au hukufaulu?"

"Waliuliza kwa nini nimetoa pedali. Nikawaeleza habari za baba mkwe. Mwalimu mmoja mama akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema..."

"Umefaulu au hukufaulu?"

"Nimefaulu."

"Sema tena."

"Nimefaulu, dada."

"Mama, nyama yangu!" dereva akaita.

"Subiri," nikamwambia, nami sikuwahi kumwambia mteja neno hilo. Nikakaa kwenye gunia la mkaa, nikamwacha mdogo wangu anisimulie yote tangu mwanzo.