Maharage Yaliyopita Mlangoni kwa Masika

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa msichana mwenye maswali kuliko adabu. Nilikuwa namsaidia baba mdogo Asumani kupeleka maharage kutoka Kasese kwenda kuuza Mpondwe, mpakani. Tulipofika Bwera gari likazimika, mbele kabisa ya nyumba ya Masika, mama Mkongo aliyekimbia vita huko Beni.

Mtoto wake alikaa mlangoni, miguu imevimba, nywele zimegeuka nyekundu. Majirani walikuwa wameshahukumu: karogwa. Mimi nikataka kujua anakula nini.

"Bugali ya muhogo," Masika akasema. "Anakulaka, anashiba. Nesi anasema nimupatie maharage, ama sivyo atakufa. Nitayapata wapi? Kule mpakani banauzisha gunia muzima. Mimi natafuta kikombe tu."

Makubwa! Na sisi tumekalia magunia ya maharage. Nikazunguka mtaa mzima kuhakikisha. Duka la kwanza, unga wa muhogo na chumvi. La pili, mandazi na soda. Mbele kidogo, unga tena. Maharage na samaki wakavu walipita pale kila siku juu ya malori, wala hawakushushwa.

Nikarudi mbio. "Baba, tumfungulie gunia moja."

"Una wazimu wewe? Gunia halifunguliwi njiani. Ni nuksi, safari itaharibika!" Wachuuzi wote wa njia ile waliamini hivyo.

"Lakini gari si limeshaharibika, baba?"

Wallahi nilingoja kofi. Akanitazama, akamtazama mtoto. Kisha akatoa kisu, akakata uzi mwenyewe, huku akinung'unika kwamba nitamfilisi.

Tangu hapo kila safari tulisimama pale, tukauza kwa kikombe. Miguu ya mtoto ikanywea polepole. Siku nilipomkuta anafukuza kuku nililia, sikuona haya. Na wale waliosema karogwa? Walikuwa wa kwanza kuja na vikombe vyao.

Basi mwanangu, ukiona watoto wa mtaa mmoja wanaugua kuliko wa mtaa mwingine, usikimbilie kutaja uchawi wala uvivu wa mama zao. Ingia madukani kwao. Tazama kinachouzwa, tena kwa kipimo gani. Uliza hata wakikuona msumbufu, kwa sababu mtoto anaweza kushiba kila siku na bado akafa. Mungu akupe afya, na chakula anachokuwekea wewe mezani akifikishe na kwa jirani yako. Amina.