Wazito wa Jamaldin

Mimi Saif nashona kanzu. Sibebi mizigo, wala sijawahi kuwa mzigo. Hilo nataka lieleweke mapema, maana hapa Mji wa Kale kila mtu anaisimulia habari hii apendavyo, na wengine hunitaja mimi wakacheka kabla hata hawajafika katikati. Mwenye kisa ni Jamaldin. Mimi nilipakiwa tu.

Jamaldin ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mtu mrefu, mpole, ana masharubu ambayo upande wa kulia na wa kushoto hazijaelewana bado. Kazi yake ni kupeleka vitu vya watu kwa pikapu: vitanda, magunia ya mchele, viti vya harusi. Alifiwa na mkewe zamani, watoto hawakujaaliwa, na jioni namsikia akizungumza na redio. Redio ikisema habari za jioni, yeye aijibu, "Na kwako pia." Ukimwuliza habari ya upweke, atakwambia, "Alhamdulillahi, gari lanishughulisha." Gari! Wallahi bwana huyu na magari yake.

Zamani alikuwa na pikapu kuukuu ya petroli, ikikohoa kule Ngome ya Yesu nasi tulioko Kibokoni twasema, "Jamaldin huyo." Akaiuza, akaleta ya umeme. Tulitoka sote kuitazama. Nyeupe, haina moshi, haina sauti. Na huko kutokuwa na sauti kukawa kazi mpya, kwa sababu vichochoro vyetu vyembamba na watu wamezoea kupisha wakisikia mngurumo. Kuwapigia honi wazee, Jamaldin aliona ni utovu wa adabu. Basi akawa atoa kichwa dirishani, apaza sauti mwenyewe: "Gari, jamani! Gari hilo!" Nikamwambia, "Umeleta gari la kisasa, mngurumo ukaubakisha mdomoni."

Lakini hilo si kitu. Gari lilikuwa linarusha. Likiwa tupu, likigusa matofali ya kabro yaliyonyanyuka njiani, Jamaldin kichwa chake chagonga juu na kofia yaanguka. Akalipeleka Majengo kwa Elvis, fundi wa springi. Elvis akaingia chini yake, akatoka akipangusa mikono.

"Mzee, gari halina ugonjwa. Limeundwa libebe tani, na betri yenyewe pale chini ni nzito, kwa hivyo wameliwekea springi ngumu. Likiwa na mzigo latulia. Likiwa tupu larusha. Naweza kukutolea bamba moja la springi, likawa laini. Lakini siku utakayopakia simiti litalala chini, betri iparuze matuta. Sema wataka lipi."

"Nataka yote mawili," Jamaldin akasema.

"Hayo mawili hayaji pamoja, mzee."

Akatolewa bamba. Kwa siku chache Jamaldin alitembea kama yuko juu ya godoro, akitusalimia kwa mkono mmoja. Kisha akapakia simiti. Alipofika tuta la kwanza, gari likalikalia kama kuku anayeatamia, na watu wakalisukuma huku yeye akilia, "Betri yangu jamani, betri yangu!" Bamba likarudishwa. Nikamwambia mshika mbili moja humponyoka, akaninunia mpaka siku ya pili.

Ingelikuwa ni simiti na vitanda tu, kisa kingeishia hapo. Lakini kuna Fadhiya.

Fadhiya huoka keki za harusi nyumbani kwa mamake, Bi Mwanabaraka, nyumba ya tatu kutoka dukani kwangu. Mumewe alikwenda Uarabuni kutafuta kazi. Talaka ikarudi, yeye hakurudi. Kila Alhamisi Jamaldin ndiye humpelekea keki ukumbini. Na kila Alhamisi Jamaldin huyu, ambaye siku nyingine anuka grisi, alikuwa anuka udi mpaka mwisho wa kichochoro. Sote twajua kwa nini. Yeye peke yake ndiye aliyedhani ni siri. Neno lenyewe hakuwahi kulitamka, mwaka baada ya mwaka, mtu mzima na masharubu yake!

Keki ya kwanza kupanda gari la umeme iliondoka Kibokoni ghorofa tatu, ikafika ghorofa mbili. Ya pili akaisindikiza kwa magunia ya mchanga ili gari litulie. Likatulia kweli, keki ikafika imesimama. Lakini njiani upepo ulivuma, na bwana harusi alipolishwa kipande chake mbele ya wakwe, ukumbi mzima ulisikia anavyotafuna mchanga.

Fadhiya hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alimwambia kwa upole, "Jamaldin, Alhamisi hii nina keki ya ghorofa nne, yaenda Ganjoni. Ikifika nzima, tutaendelea. Isipofika, nitamchukua mtu mwengine. Usinione mbaya."

Jamaldin akaja dukani kwangu amesawijika. Akakaa juu ya kitambaa cha mteja, nami sikumfukuza. "Saif," akasema, "akimchukua mtu mwengine, Alhamisi mimi nitafanya nini?" Hakusema nitakosa kazi. Alisema Alhamisi nitafanya nini. Roho iliniuma, sikufichi.

Hapo akaingia mteja, Jamaldin akanyanyuka, akaniinamia sikioni. "Nduyangu, nitafutie watu wazito, watatu, nawe uwe mmoja wao. Alhamisi baada ya Alasiri mnikute kwa kina Fadhiya."

"Wazito?" nikauliza.

"Wazito hasa. Usiniletee watu wepesi, nitaaibika." Akatoka.

Sasa wewe hukumu mwenyewe. Mwanamume asiye na mke akitaka wazito waende nyumbani kwa mwanamke asiye na mume, atakuwa ataka nini? Kwetu sisi wazito ni wazee wenye neno, na ujumbe wao nyumba kama hiyo una maana moja. Posa! Nikaweka mkasi chini, machozi yakanilengalenga mbele ya mteja. Nikasema, hatimaye huyu mtu amepata ulimi.

Nikamwendea Maalim Fuad, aliyewasomesha Kurani nusu ya watu wa mtaa huu. Neno lake likitua hapa mjini, hakuna wa kulinyanyua. Mwili wake sasa ni jambo jengine. Maalim akisimama kwenye upepo, wanafunzi humshika joho. Kisha nikamwendea Mzee Kingi, Mgiriama, aliyekuwa mnyapara bandarini, mzee wa kanisa, bonge la mtu. Posa mtaani kwetu, awe Mwislamu awe Mkristo, bila ya Mzee Kingi haijanoga. Akavaa koti lake la Jumapili. Mimi nikavaa joho la harusi ya mwanangu, nikabeba halwa na ubani, na siku ya Alhamisi tukapiga hodi.

Bi Mwanabaraka ni mama wa haja, mashaallah. Kiti anachokalia kilitengenezwa kwa ajili ya watu wawili. Alipotuona akajiweka sawa mtandio, akatukaribisha kahawa. Madirisha ya majirani yakafunguka moja moja. Maalim akakohoa. "Bi Mwanabaraka, tumekuja kwa heri. Tuna kijana wetu Jamaldin."

"Kijana wa miaka hamsini," Mzee Kingi akanong'ona, nikamkanyaga mguu.

"Amtaka binti yako Fadhiya kwa sheria ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake," Maalim akamalizia. Nyuma ya pazia la jikoni kijiko kikaanguka.

Papo hapo tukasikia nje, "Gari, jamani! Gari hilo!" Jamaldin huyo akaingia, suruali ina grisi, kwapani ana kipande cha godoro. Akasimama. Akatazama joho langu. Akatazama halwa. Kisha akamtazama Maalim Fuad, utosini mpaka miguuni, akasema, na nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili:

"Saif! Si nilikwambia wazito? Maalim ana kilo ngapi?"

Ebo! Jamaldin akaanza kueleza kwa kubabaika. Ati alitaka watu wa kukaa nyuma ya pikapu, gari litulie, kwa kuwa mtu hapeperushi vumbi kama mchanga. Mimi joho likanibana kwa hasira. "Mimi? Mimi badala ya gunia?"

"Saif, wewe wafaa sana," akasema, akidhani anibembeleza.

Bi Mwanabaraka hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Jamaldin, ndoo usimame hapa mbele yangu. Maneno aliyoyasema Maalim, na watu wa mtaa wako madirishani wayasikia, yawe si yako? Mwanangu keshatangaziwa posa kwa makosa?"

Hapo mzaha ukaisha. Mwanamke aliyekwisha kurudishiwa talaka kwa barua, leo aposwe na arudishwe kwa sababu ya springi za gari! Macho ya Jamaldin yakaenda kwenye pazia, yakabaki pale.

"Bi Mwanabaraka," akasema, "sikuwatuma kwa jambo hilo. Sikuthubutu. Lakini maneno ni yangu. Ni yangu tangu zamani, na kila Alhamisi huja nayo nikarudi nayo." Lile godoro akawa amelikumbatia kama mtoto.

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya Fadhiya, kavu kidogo. "Keki yangu yayeyuka. Ikifika nzima mtasikia jibu. Ikivunjika, pia mtasikia."

Tukatoka mbio. Keki ikawekwa nyuma juu ya godoro, ndani ya sanduku lake. Maalim, kwa wepesi wake, akapewa kiti cha mbele katikati ya Jamaldin na Fadhiya, kwa ajili ya adabu. Mimi na Mzee Kingi tukapanda nyuma na majoho na makoti yetu. Jamaldin akasogeza gari kidogo juu ya kabro. Likaruka. Tukaruka nalo. Sanduku likayumba, Fadhiya akashika kichwa mle ndani.

"Bado ni wepesi," Jamaldin akasema kwa huzuni aliposhuka, akitutazama mimi na Mzee Kingi kama tumemfanyia hiana.

"Nipisheni," akasema mtu nyuma yake.

Alikuwa Bi Mwanabaraka, na kiti chake. Kiti kikapandishwa kwanza, kisha yeye, Mzee Kingi akivuta na mimi nikisukuma kwa heshima zote. Alipokaa, gari likashuka taratibu, likatoa pumzi, likatulia. Jamaldin akainama kutazama magurudumu, uso ukamng'aa. "Mashaallah!" akasema. Akakumbuka kuwa uzito anaousifu ni wa mkwe wake mtarajiwa, akakimbilia usukani.

Tukaenda. Gari likafika tuta, likainama, likanyanyuka polepole kama mtu anayeamka usingizi wa mchana. Mbele ya Ngome ya Yesu wauza vinyago waliacha wateja wao wakasimama kututazama. Wanawake waliona joho, wakaona Bi Mwanabaraka kwenye kiti chake juu, wakaona sanduku jeupe, wakapiga vigelegele. "Fadhiya kaposwa!" mmoja akapaza sauti. "Posa imekubaliwa!" Haikuwa imekubaliwa bado, lakini nani angewaambia? Jamaldin alikuwa ameamrisha tusinyanyuke hata kidogo, hata kwa kusalimiwa. Nilipungia vidole viwili tu, nimekaa juu ya halwa yangu, ile niliyotoka nayo mbio.

Ganjoni tukafika. Sanduku likashushwa ukumbini, likawekwa mezani. Fadhiya akalifungua. Jamaldin alisimama mlangoni akisokota kitambaa cha grisi, wala hakusogea. Maalim alikuwa asoma dua kimyakimya. Mimi nilijikuta nimemshika Mzee Kingi mkono.

Ghorofa nne. Zote zimesimama. Ua moja la sukari lilikuwa limeanguka, Fadhiya akalirudisha kwa kidole, akakilamba. Akageuka.

"Jamaldin, gari lako halina ila."

"Ndivyo alivyosema Elvis," Jamaldin akajibu, maskini.

"Ni utupu tu ndio unaolirusha." Akamtazama vile ambavyo hajawahi kumtazama mbele za watu. "Na wewe umekaa tupu mno. Twakusikia na redio yako."

Jamaldin akazidi kukisokota kile kitambaa.

"Wazee warudi kesho baada ya sala ya Ijumaa," Fadhiya akasema, "wayaseme tena maneno yao. Wewe uwepo, na uwe umevaa. Mamangu atajibu." Kisha akasema taratibu zaidi, "Sitamkataza."

Jamaldin akageukia ukuta. Alilia, nasema wazi, alilia kama mtoto, akajifuta kwa kile kitambaa cha grisi mpaka uso wote ukawa na mistari myeusi. Tukamcheka, na sisi wenyewe macho yametulowa. Tukamtoa nje. Bi Mwanabaraka alikuwa bado juu ya kiti chake nyuma ya pikapu, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumshusha.

Alimtazama Jamaldin na ile mistari yake. "Yarabi, ndiye mkwe mwenyewe huyu?"

"Ndiye," Fadhiya akajibu.

"Haya. Tupelekeni nyumbani. Mie sishuki, nikishuka gari litawarusha."

Maalim akarudi kiti chake cha katikati. Mzee Kingi akanipa mkono, nami nikapanda nyuma, safari hii bila ya kuombwa na mtu.