Nilivyozikimbiza kengele mbili za Jumapili kabla sijaolewa

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo shikamoo zenu nazipokea zote, marahaba.

Naona humu mnahangaika na rekodi, huyu kilomita kumi, yule ishirini. Mimi bibi yenu wa Karagwe shule niliishia darasa la pili, ila rekodi ninayo! Nawapa kama ilivyokuwa. Niongope ya nini, niliokuwa nashindana nao wengi wamelala.

Ni kabla ya Uhuru. Kwetu Nyakakika nani alikuwa na saa? Saa yetu kengele ya kanisani. Ya kwanza jiandaeni, ya pili mlango unafungwa.

Kaka yangu Byamungu, ya kwanza inamkuta nyumbani, ya pili inamkuta kwenye benchi. Kijiji kizima kinamsifu. Nikasema na mimi naitaka hiyo.

Nikajaribu miaka. Napita migombani, nashuka bonde, napanda kilima. Nafungiwa nje.

Na mbio ninazo jamani! Tatizo magoti.

Mvulana anamsalimia mzee huku anapita. Msichana unapiga magoti. Unaulizwa mama, baba, ng'ombe, mpaka mwenyewe akuachie mkono. Na wazee wamejaa njia nzima, wanaenda kanisani hukohuko!

Basi wakaja watu wa Kaisho kuniposa. Mama akaniambia, "Mke wa mtu hakimbii. Jumapili hii ndiyo ya mwisho, mwanangu."

Nikasema basi, hiyohiyo ndiyo ya kuipata.

Jumamosi nikazunguka nyumba kwa nyumba. Napiga magoti, nasema, "Salamu ya kesho nimeileta leo." Wazee wakacheka mpaka machozi. "Haya, kesho upite kama mbuzi!"

Akagoma mmoja tu, Ma Kokugonza, bibi mzee ambaye kanisani hafiki tena, anashinda kwenye lango lake njiani.

"Salamu hailali, binti. Kesho nipo hapa."

Kengele ya kwanza, nikachomoka. Wazee wananipisha, "Tulishasalimiana, pita!"

Nikamwona Ma Kokugonza langoni. Ningeweza kuzunguka nyuma ya migomba yake, asinione. Nikaona hapana. Nikapiga magoti.

Akauliza mama. Akauliza baba. Akauliza ng'ombe, akarudi kwa ndama! Kisha, "Na huyo bwana wa Kaisho umempenda?"

"Sijamwona vizuri, Ma."

Akacheka, akaniachia. "Haya, ruka!"

Wakuu, kile kilima nilikipanda sijui kwa miguu ya nani. Mzee wa kanisa ameshika kamba, mimi naingia. Nimekaa ndipo ya pili ikalia.

Byamungu upande wa wanaume akageuza shingo. "Umepitia wapi wewe?"

"Njiani."

"Na magoti?"

Nikasogeza gauni kidogo. Udongo mwekundu, magoti yote mawili. Kaka yangu akatazama mbele, ibada nzima hakugeuka tena.

Sikukimbia tena, nikaenda Kaisho nikazaa tisa. Hainiumi. Nilichojifunza, muda ulioupata kwa kumkwepa mtu ni wa wizi. Ongeza mbio, salamu utoe.

Haya, na nyie wakimbiaji, nani huwa anawashika njiani? Andikeni hapo chini. Nasoma polepole, lakini nasoma zote.